Jinsi ya kujenga injini ya mizunguko mingi itakayodumu barabarani na uwanjani

Wengi wanaoleta magari katika gereji yetu hapa Nakuru huanza kwa kuuliza injini itatoa nguvu za farasi ngapi. Mimi huwauliza kwanza itazunguka mara ngapi kwa dakika, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo litakaloamua aina ya pistoni, boliti za konrodi (mkono unaoishika pistoni), springi za valvu, pampu ya oili na hata muda ambao injini itaishi kabla ya kufunguliwa tena. Mwongozo huu unafuata utaratibu ninaoutumia mimi mwenyewe kwa injini ya gari linalotumika kwenda kazini Jumatatu na kushindana katika uwanja wa mbio mwisho wa wiki.

Mfano nitakaoutumia ni injini ya Toyota 4A-GE ya valvu 20, ile yenye kifuniko cheusi iliyofungwa katika Corolla Levin na Sprinter Trueno za toleo la AE111 kuanzia mwaka 1995. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,587, silinda yake ina kipenyo cha milimita 81, na pistoni husafiri milimita 77 kutoka chini hadi juu. Kiwandani ilitangazwa kwa nguvu za farasi 165 kwenye mizunguko 7,800, kwa mgandamizo wa 11 kwa 1. Mwenye injini ya Honda au Nissan atabadilisha vipimo vyake, lakini mpangilio wa kazi utabaki uleule.

Hatua ya 1: Weka kikomo cha mizunguko kabla ya kununua chochote

Pistoni husimama kabisa mara mbili katika kila mzunguko wa krenki, mhimili mkuu wa injini, kisha hulazimika kuondoka tena kwa kasi. Kwa safari ya milimita 77, mwendo wake wa wastani ni mita 18 kwa sekunde krenki ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, na hupanda hadi mita 20.5 kwenye 8,000 na karibu mita 21.8 kwenye 8,500. Tofauti hizo zinaonekana ndogo, lakini mvuto unaoishika konrodi hauongezeki kwa kiwango hicho. Unaongezeka kwa mraba wa mizunguko. Chukua pistoni pamoja na pini na ringi zake zenye uzito wa gramu 400: kwenye mizunguko 7,000 huivuta konrodi kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 1,110 hivi, kwenye 8,000 huivuta kwa kilo 1,450, na kwenye 8,500 kwa kilo zaidi ya 1,600. Mvuto huo huwa mkali zaidi pistoni inapofika juu wakati wa kutoa moshi, kwa sababu wakati huo hakuna gesi iliyogandamizwa inayoisukuma chini ili kuipunguzia konrodi mzigo. Boliti mbili nyembamba ndizo zinazobeba kazi yote.

Ndiyo maana nashauri kikomo cha 8,000 kwa gari la matumizi mawili. Injini hii hutoa nguvu zake za juu karibu na 7,800, kwa hiyo ukipita hapo kwa mizunguko 200 au 300 umeshapata karibu kila kitu inachoweza kutoa bila kubadilisha kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Anayetaka 8,500 ni lazima abadilishe kamshafti na milango ya hewa (njia za hewa ndani ya kichwa cha injini) ili nguvu zenyewe zihamie huko juu, na akubali kuifungua injini mapema zaidi. Kuinua kikomo peke yake, huku injini ikiwa imekwisha kuishiwa na pumzi kwenye 7,800, ni kununua kelele kwa bei ya beringi.

Hatua ya 2: Chagua injini na uipime kabla ya kuifungua

Injini nyingi za aina hii zilizopo nchini zilitumika Japani kabla ya kuletwa, na huuzwa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au kwa wauzaji wa vipuri hapa mjini na Kisumu. Usinunue kwa kuamini kwamba kifuniko kimesafishwa vizuri. Toa kifuniko cha kujazia oili na uangalie kama chini yake kuna matope meusi au rangi ya maziwa, kisha zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili ukisikiliza mahali inapokwama.

Ukipata nafasi ya kupima mgandamizo wa silinda, kumbuka uko wapi. Nakuru ipo mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Geji itasoma chini kwa kiasi hichohicho hata kama injini ni nzima. Nimeona injini nzuri zikikataliwa kwa sababu mnunuzi alilinganisha namba ya geji na ile ya kitabu cha kiwanda. Linganisha silinda kwa silinda: zikikaribiana ndani ya asilimia 10, una pa kuanzia. Kipimo cha uvujaji, ambapo unasukuma hewa ya kompresa ndani ya silinda na kuona inapotokea, kinaeleza mengi zaidi. Hewa ikitokea kwenye bomba la eksosi, valvu ya moshi haifungi. Ikitokea kwenye tundu la oili, ringi zimechoka. Mapovu yakionekana kwenye rejeta, gasketi au hedi (kichwa cha injini) ina kasoro.

Hatua ya 3: Bloku

Bloku, mwili wa injini wenye silinda, lioshwe mpaka ndani ya mifereji ya oili, na vizibo vya mifereji hiyo vitolewe, kwa sababu huko ndiko vipande vya beringi ya zamani hujificha. Likaguliwe nyufa kwa dawa ya rangi au kwa sumaku. Uso wa juu upimwe kwa rula ya chuma na geji ya majani (vipande vyembamba vya kupimia mapengo). Ukipinda zaidi ya milimita 0.05, usawazishwe kwa mashine.

Silinda ndiyo sehemu ya bloku inayostahili subira. Nunua pistoni kwanza, kisha mpelekee fundi wa mashine bloku pamoja na pistoni zenyewe na karatasi ya mtengenezaji wake. Pistoni ya kufuliwa, yaani iliyoundwa kwa kugandamizwa badala ya kumiminwa, hupanuka kwa kiasi kinachotegemea aina ya aloi yake: ile yenye silikoni nyingi hupanuka kidogo na hukaa karibu na ukuta, na ile yenye silikoni kidogo huvumilia kipigo zaidi lakini huhitaji nafasi kubwa na hugonga taratibu injini ikiwa baridi. Kwa gari la kila siku nachagua ile ya kwanza. Pima kila silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokatana, na uandike namba zote katika daftari. Omba silinda zisuguliwe huku bamba zito la chuma likiwa limefungwa juu ya bloku kwa nguvu ileile ya boliti za hedi, kwa kuwa boliti hizo zikikazwa huivuta silinda ikapoteza uduara wake. Si kila mashine ya kuchonga ina bamba hilo, na kama italazimu kupeleka bloku Nairobi kwa ajili ya kazi hii, nauli hiyo ina thamani kuliko rimu mpya.

Pengo la ringi ya juu liwe takriban milimita 0.32 kwa silinda ya milimita 81 isiyo na turbo, na la pili liwe kubwa kidogo. Pengo likiwa dogo mno, ringi ikipata joto ncha zake hugusana na kuikwaruza silinda, wakati mwingine hata kung'oa ukingo wa pistoni. Pengo likizidi kidogo, hasara yake ni moshi mchache tu unaopita kuelekea kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Hatua ya 4: Krenki, konrodi na beringi

Krenki ya kiwandani ya injini hii ni ya kufuliwa na inatosha kabisa. Ipimwe kunyooka kwake kwa geji ya saa, ikaguliwe nyufa kwa sumaku, na vidole vyake (sehemu zinazozunguka ndani ya beringi) vipigwe msasa laini sana. Konrodi za kiwandani nazo hustahimili 8,000 kwa masharti mawili: zikaguliwe nyufa, na boliti zake zitupwe zote na kuwekwa mpya za chuma cha daraja la mashindano. Baada ya kuweka boliti mpya, tundu kubwa la konrodi ni lazima lipimwe upya na kuchongwa likiwa limekazwa, kwa sababu boliti yenye mkazo tofauti hubadilisha umbo la tundu. Ni hatua inayorukwa mara nyingi, na ndiyo chanzo cha injini nyingi mpya kunoki, yaani beringi kufa na injini kugonga, kabla hazijamaliza mwezi.

Boliti hizo zikazwe kwa kupima urefu wake unavyoongezeka, kwa kutumia geji ya kushika ncha zote mbili, na kiasi kiwe kile alichoandika mtengenezaji. Spana ya torki husoma msuguano wa nyuzi pamoja na mkazo wa boliti, nao msuguano hubadilika kulingana na mafuta uliyopaka. Kama huna geji hiyo, tumia grisi iliyokuja na boliti, kaza na kulegeza kama alivyoelekeza mtengenezaji, kisha ukaze mara ya mwisho.

Kwa uwazi wa oili kati ya beringi na krenki, kanuni ya kuanzia ni sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha kidole. Kidole kikuu cha milimita 48 kitahitaji karibu milimita 0.048, na kidole cha konrodi cha milimita 42 karibu milimita 0.042. Pima kwa mikrometa na geji ya ndani, beringi zikiwa zimefungwa na vifuniko vimekazwa kikamilifu. Ule uzi wa plastiki wa kupondwa uutumie kwa kuhakikisha tu. Beringi za mtengenezaji mmoja huja katika unene unaotofautiana kidogo sana, kwa hiyo unaweza kuchanganya nusu ya unene mmoja na nusu ya mwingine ili kufikia namba unayoitaka. Uwazi ukiwa mdogo, oili hupata joto na kupoteza unene wake; ukiwa mkubwa, pampu haiwezi kudumisha shinikizo kwenye mizunguko ya chini.

Kisha kuna mizani. Pistoni zote nne zipishane kwa gramu moja au pungufu, na konrodi zipimwe ncha kwa ncha, si uzito wa jumla peke yake. Krenki isawazishwe kwenye mashine ikizunguka, ikiwa na flaiwili na kifuniko cha klachi, na sehemu hizo ziwekwe alama ili zirudi zilipokuwa. Puli ya mbele yenye raba ndani usiibadilishe kwa ile nyepesi ya alumini inayong'aa. Raba hiyo ipo ili kumeza mtetemo wa kujipinda wa krenki, na pampu ya oili ya injini hii huendeshwa moja kwa moja na pua ya krenki hiyohiyo. Mtetemo usiposhikwa, gia za pampu zilizotengenezwa kwa unga wa chuma uliogandamizwa zinaweza kupasuka, na ukifika hapo injini inazunguka bila oili kwa sekunde chache kisha hakuna cha kuokoa. Kwa injini itakayokaa juu ya 7,500 kwa muda mrefu, nanunua gia za pampu zilizochongwa kutoka kwenye chuma kizima.

Hatua ya 5: Oili, mahali injini nyingi za uwanjani hufia

Injini yangu ya kwanza ya aina hii ilinoki katika siku ya mazoezi, kwenye kona ndefu ya mkono wa kulia, oili ikiwa imejaa mpaka alama ya juu ya kijiti. Nilipoifungua, beringi ya konrodi ya tatu ilikuwa imegeuka kuwa karatasi ya shaba, lakini vipimo vyote nilivyoandika daftarini vilikuwa sahihi. Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Gari likikata kona kwa nguvu inayokaribia uzito wake lenyewe, jambo ambalo matairi mazuri huliweza, uso wa oili ndani ya sampu hulala kwa pembe ya nyuzi 45. Oili yote hukimbilia upande mmoja, mdomo wa bomba la kunyonyea hubaki hewani, na pampu husukuma povu. Katika barabara ya kawaida kona haidumu kiasi hicho, kwa hiyo gari linaweza kukaa miaka mingi bila tatizo na likafa katika asubuhi moja uwanjani.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Sampu ifunguliwe na kuchomelewa vigawanyo vya bati kuzunguka mdomo wa kunyonyea, vikiwa na vilango vyenye bawaba vinavyoruhusu oili kuingia na kuizuia kutoka. Juu yake lifungwe bamba linaloitenga krenki na oili, ili krenki isiipige kuwa povu. Mafundi wa kuchomelea wa jua kali huifanya kazi hii vizuri ukiwachorea, mradi bati lisafishwe kabisa baadaye, maana tone moja la chuma cha kuchomelea likianguka ndani ya pampu litafanya madhara yaleyale uliyotaka kuyazuia. Angalia pia nafasi kati ya mdomo wa bomba na sakafu ya sampu. Sampu iliyowahi kugonga jiwe na kunyooshwa kwa nyundo mara nyingi huwa imeinuka na kuuziba mdomo huo nusu.

Shinikizo la kutafuta ni takriban baa 0.7 kwa kila mizunguko 1,000, injini ikiwa na joto. Geji ya shinikizo na geji ya joto la oili zifungwe mahali dereva anapoziona, na taa nyekundu kubwa iwake shinikizo likishuka chini ya baa 3 injini ikiwa juu ya mizunguko 5,000. Jicho la dereva aliye katikati ya kona haliwezi kuifuata sindano. Joto la oili libaki kati ya nyuzi 90 na 120; likipita hapo, weka kipoza oili chenye thamostati yake, kwa kuwa kipoza kisicho na thamostati huiweka oili baridi mno asubuhi za Nakuru, na maji yanayotokana na mwako hubaki ndani yake bila kuvukizwa.

Hatua ya 6: Hedi na valvu

Kwenye mizunguko mingi springi hushindwa kuirudisha valvu kwa wakati, valvu huelea, na pistoni huikuta njiani. Valvu 20 za injini hii ni ndogo na nyepesi, tatu za kuingizia hewa na mbili za moshi kwa kila silinda, na wepesi huo ndio sababu moja ya kuweza kuzunguka hivyo. Springi za zamani hata hivyo huwa zimechoka bila kuonyesha dalili. Pima kila moja kwenye mizani ya springi kwa urefu wake wa kufungwa na wa kufunguka. Hakikisha pia kwamba valvu ikiwa imefunguka kabisa, mizunguko ya waya wa springi haijagusana, na kuna akiba ya karibu milimita moja.

Viti vya valvu vikatwe kwa pembe tatu, miongozo iliyolegea ibadilishwe, na sili za valvu ziwe mpya. Mwongozo uliolegea huiacha valvu ikae upande kwenye kiti chake, na valvu ya moshi hutegemea kiti hicho ili kutoa joto lake.

Milango ya hewa usiipanue kwa kuikisia. Kusawazisha maungio kati ya manifoldi na hedi kunatosha kwa kikomo cha 8,000.

Hatua ya 7: Kufunga kwa majaribio, kisha kufunga kwa kweli

Funga injini yote mara moja bila sili na bila gundi. Weka donge la udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga hedi pamoja na gasketi na mkanda wa taiming, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, fungua tena, ukate udongo na uupime unene. Valvu za kuingiza hewa zibakishe milimita 1.5 au zaidi kutoka kwenye pistoni, na za moshi milimita 2, kwa sababu konrodi hurefuka kidogo kwenye mizunguko mingi na mkanda nao huyumba. Nafasi kati ya uso wa pistoni na hedi isipungue milimita 1. Taiming ya kamshafti ihakikiwe kwa duara la nyuzi na geji ya saa. Alama za puli ni za kiwanda, nazo huhama kila hedi au bloku linapopunguzwa kwa mashine.

Katika kufunga kwa mwisho, meza iwe safi, mlango wa gereji umefungwa, na mtu mmoja tu awe ndiye anayekaza. Boliti za hedi zikazwe kutoka katikati kuelekea nje, kwa awamu.

Hatua ya 8: Vumbi na maji

Injini hii ina midomo minne ya hewa, mmoja kwa kila silinda, na vijana wengi hupenda kuiacha wazi kwa ajili ya sauti. Hapa kwetu nawasihi wasifanye hivyo. Kuanzia Gilgil hadi Elmenteita ardhi ni ya majivu ya volkeno, na pale Kariandusi huchimbwa diatomaiti, udongo mweupe ambao viwandani hutumika kuchujia na pia kusugulia. Yeyote aliyetazama magari ya Safari Rally yakipita Soysambu ameliona vumbi hilo likining'inia hewani dakika nyingi baada ya gari kupita. Likiingia kwenye silinda hugeuka kuwa msasa kati ya ringi na ukuta. Jenga sanduku lililozibwa kuzunguka midomo hiyo, liunganishwe kwa bomba na kichujio kikubwa kilichowekwa mbali na joto la rejeta. Pitisha kidole ndani ya bomba baada ya kila mashindano. Ukikuta unga, tafuta panapovuja kabla ya kuwasha tena.

Kuhusu maji, kuna desturi ya kutoa thamostati ili injini ipoe. Irudishe. Bila hiyo injini hukaa baridi, petroli huosha kuta za silinda, na ringi huisha haraka. Tena katika mwinuko wetu maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kinachoshikilia shinikizo ndicho kinachoyazuia yasichemke ndani ya hedi. Kifuniko kilicholegea hakionekani kuwa na kasoro mpaka siku ya mashindano. Usijaze maji ya kisima; visima vya eneo la Nakuru vina madini mengi, floridi ikiwemo, nayo maji ya namna hiyo huacha utando unaozuia joto kutoka. Tumia kuleni (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa kwa mvuke.

Hatua ya 9: Kompyuta ya injini na tofauti za mwinuko

Fundi wa kupanga petroli na moto akifanya kazi yake Nakuru, anaipanga injini inayopumua hewa ya shinikizo la kilopaskali 81 hivi. Gari hilohilo likienda Kisumu kupitia Mau Summit, hupanda mpaka mahali ambapo shinikizo ni kilopaskali 75 hivi, kisha hushuka hadi karibu 88 kandokando ya ziwa. Mombasa litakuta 101. Kompyuta inayosoma pembe ya kikanyagio peke yake haijui tofauti hiyo, na injini iliyokuwa salama hapa itapata hewa nyingi zaidi na petroli ileile huko chini, ikachoma kwa ukavu. Hakikisha kompyuta uliyofunga ina kihisi cha shinikizo la hewa ya nje na kwamba fundi ameiwezesha kukitumia.

Mwinuko huu pia hushawishi watu kupandisha mgandamizo hadi 12 au 13 kwa 1, kwa kuwa hewa nyepesi hukawia kupasuka kabla ya wakati. Mimi hubaki kwenye 11. Mpasuko wa kabla ya wakati husikika kama kengele ndogo ndani ya silinda, nao ni jambo tofauti na kule kunoki kwa beringi ambako mafundi wetu hukutaja kila siku. Huo hula pistoni kutoka juu, huku beringi ikifa kutoka chini. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huuleta hata kwenye injini iliyopangwa vizuri, kwa hiyo jaza katika kituo unachokiamini na ubaki hapohapo. Kwenye mzigo kamili, hewa kwa petroli iwe kati ya 12.6 na 13 kwa 1.

Kikomo cha mizunguko kiwekwe humohumo, 8,000, na kingine cha 4,000 kwa wakati oili ikiwa chini ya nyuzi 60.

Hatua ya 10: Kuwasha na kuzoeza

Toa plagi, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, na uzungushe kwa stata mpaka geji ya oili ipande. Ndipo urudishe plagi na kuwasha. Mara ya kwanza tumia oili ya madini ya kawaida, kwa sababu oili laini za sintetiki huzifanya ringi ziteleze kabla hazijakaa. Usiiache injini ikinguruma mahali pamoja kwa nusu saa kama wengi wanavyofanya. Ikishapata joto na ukihakikisha hakuna panapovuja, ipeleke barabarani.

Barabara ya kutoka Njoro kupanda kuelekea Mau Narok inafaa sana kwa kazi hii. Panda kwa gia ya tatu ukikanyaga nusu, kisha robo tatu, kutoka mizunguko 2,500 hadi 4,500, halafu uachilie mguu ili injini ivutwe na gari. Kukanyaga huzisukuma ringi dhidi ya ukuta, na kuachilia hunyonya oili juu na kuosha vumbi la chuma. Baada ya kilomita 50 hivi mwaga oili, ubadilishe filta, na uikate ile ya zamani kwa kikata bomba cha gurudumu, si kwa msumeno wa meno, ili uikunjue karatasi yake juani. Unga wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba ni vya beringi, na injini haina budi kufunguliwa. Rudia kwenye kilomita 500, kisha uhamie oili ya sintetiki ya 10W-40 au 10W-50. Mizunguko 8,000 isubiri mpaka hapo, na isubiri uwanja. Mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa gari dogo katika barabara kuu za Kenya hauzidi kilomita 110 kwa saa, na mteremko wa Salgaa si mahali pa kuthibitisha kazi ya mtu.

Baada ya hapo, oili ibadilishwe kila baada ya siku mbili za uwanjani, na filta ikatwe kila mara. Kipimo cha uvujaji kifanywe mwanzoni mwa msimu na namba ziandikwe kando ya zile za kwanza. Silinda iliyoanza na asilimia 4 ikafika 10 inaomba kuangaliwa. Springi za valvu zipimwe upya kila mwaka.

Jambo moja kompyuta haiwezi kulizuia. Dereva akitaka kuingia gia ya tatu kutoka ya nne akaangukia ya kwanza, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kikomo cha mizunguko hakina la kufanya. Kompyuta huhifadhi namba ya juu iliyofikiwa. Ikionyesha zaidi ya 9,000, usiwashe tena kwa kutumaini. Toa sampu, ufungue vifuniko vya konrodi kimoja kimoja, upime urefu wa kila boliti na uulinganishe na ule ulioandika daftarini siku ya kufunga. Iliyorefuka hata kwa milimita 0.02 haitarudi kwenye injini.